Utafiti wa likizo ndefu katika astronomia ya redio: mwanafunzi aanzie wapi?

Sentimita21 anauliza:

Heshima kwenu wakubwa zangu, na salamu kwa wanafunzi wenzangu. Mimi niko mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza ya fizikia. Nimesoma sumaku-umeme, nimesoma hesabu za Fourier, na ninaandika programu za Python kwa kiwango cha kuchora grafu na kutatua milinganyo, si zaidi ya hapo. Idara yetu haina mhadhiri hata mmoja wa astronomia, kwa hiyo ninachokijua kuhusu darubini za redio nimekisoma mwenyewe usiku, baada ya kumaliza kazi za darasani.

Ningependa likizo yangu ndefu ijayo niitumie katika utafiti kwenye kituo cha astronomia ya redio, lakini kila ninapoanza kutafuta najikuta nimefungua kurasa nyingi kuliko ninazoweza kuzisoma, na ninafunga kompyuta nikiwa sijui hatua ya kwanza ni ipi. Nafasi hizi hutangazwa lini, na nani anaruhusiwa kuomba, maana masharti ya uraia na ya mwaka wa masomo yananichanganya? Je, mtu ambaye hajawahi kulisogelea dishi la utafiti anaweza kuandika barua ya maombi ikasomwa hadi mwisho? Na la tatu naliuliza kwa haya kidogo: mwanafunzi wa wiki 10 anafanya nini hasa huko? Naogopa kwenda kuwa mbeba nyaya, na naogopa vilevile kukabidhiwa tatizo ambalo hata mtu wa uzamivu lingemtoa jasho.

Dwingeloo_zamani anajibu:

Mdogo wangu, anza na kalenda, kwa sababu wengi huikosa nafasi kabla hawajaandika hata neno moja. Kiangazi cha kaskazini mwa dunia ni Juni hadi Agosti, na programu za huko hufunga maombi miezi minne au mitano kabla, mara nyingi kati ya mwishoni mwa Januari na Februari. Kiangazi cha kusini ni Desemba hadi Februari, kwa hiyo Australia, kwa mfano, huwapokea wanafunzi wakati wenzao wa Ulaya wamejifunika makoti, na maombi yake hufungwa wakati mwaka uko katikati. Anayengoja mitihani imalizike ndipo aanze kutafuta, huyo anatafuta nafasi ya mwaka unaofuata.

Kuhusu masharti, usiyachukulie kwamba yanafanana kila mahali. Kituo cha Taifa cha Astronomia ya Redio cha Marekani, NRAO, kimekuwa kikiwapokea wanafunzi wa kiangazi tangu 1959, na maeneo yake yanayojulikana zaidi ni Charlottesville katika Virginia na Socorro katika New Mexico. Green Bank, yenye lile dishi la mita 100 kwa 110, ilitenganishwa na NRAO mwaka 2016 ikawa kituo kinachojitegemea. Fedha za wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza katika vituo hivyo, na pia katika Kituo cha Haystack kilicho chini ya MIT, hutoka Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Marekani kupitia mpango unaoitwa REU. Mpango huo una masharti mawili yasiyojadiliwa: uwe raia au mkazi wa kudumu wa Marekani, na uwe hujamaliza shahada ya kwanza. Kama hukidhi hayo, usipoteze jioni yako kuijaza fomu ile ukitumaini kwamba hakuna atakayeona.

Uholanzi ni habari nyingine. Pale Dwingeloo, taasisi ya astronomia ya redio ya ASTRON na jirani yake JIVE, ambayo kazi yake ni kuunganisha darubini za Ulaya ziwe kama darubini moja, zina programu ya pamoja ya kiangazi ambayo kwa miaka mingi imewachukua wanafunzi wa mataifa mbalimbali. Mimi nilipitia huko. Ukitoka nje ya jengo unakutana na dishi la mita 25 lililoanza kazi 1956, ambalo siku hizi linatunzwa na watu wa kujitolea. Kwa Australia tazama CSIRO, shirika la taifa la sayansi, na ICRAR, kituo cha utafiti wa astronomia ya redio, lakini soma kwa makini kama nafasi ya mwaka huo inataka mtu aliyesajiliwa katika chuo cha nchi hiyo.

Ipo pia njia isiyotangazwa popote, nayo ni kumwandikia mtafiti moja kwa moja. Usiwatumie watafiti hamsini barua moja iliyonakiliwa. Soma makala moja ya mtu mmoja, uliza swali moja ambalo majibu yake hayamo ndani ya makala hiyo, na useme wazi kwamba una wiki 10 na ungependa kujua kama ana data iliyokaa bila mtu wa kuichambua. Karibu kila mtafiti anayo.

Niongeze jambo ambalo nililijifunza kwa uchungu. Mwaka mmoja niliomba sehemu saba, nikapata moja (siyo Dwingeloo, hiyo ilikuja baadaye), na niliipokea kwa shangwe kwa sababu ya ukubwa wa darubini yao. Msimamizi wangu alikuwa mtu wa kuheshimika sana, ila kati ya wiki 10 alikuwa safarini wiki 5, na mimi nikabaki na programu ya kompyuta iliyokataa kufunguka na walinzi wa lango kama marafiki. Tangu siku hiyo humwambia kila anayeniuliza: kabla ya kusema ndiyo, uliza msimamizi atakuwepo wiki zipi, na asipokuwepo utamwuliza nani. Dishi kubwa halikufundishi kitu.

Msomaji_wa_maombi anajibu:

Mwenzangu hapo juu ameyamaliza ya kalenda, na mimi nitaongeza ya upande wa pili wa meza, kwa kuwa husimamia wanafunzi na husoma maombi yao.

Barua nyingi huanza kwa mwandishi kueleza jinsi alivyozitazama nyota tangu utotoni. Simlaumu mtu, hata mimi nilizitazama, lakini sentensi hiyo hainiambii chochote kwa sababu aliyetangulia ameiandika na atakayefuata ataiandika. Linganisha na hii, ambayo naikumbuka kwa maana tu, si neno kwa neno: mwanafunzi alisema kwamba alipakua data ya mazoezi ya VLA, darubini ya antena nyingi iliyoko New Mexico, akafuata somo hadi katikati, picha yake ikatoka na mistari ya mshazari iliyopita juu ya kila kitu, akahisi kwamba chanzo ni antena moja yenye hitilafu lakini hakuweza kuithibitisha. Nilisimamisha kikombe njiani. Alikuwa amekosea kuhusu chanzo, lakini alikuwa ameshaanza kazi yenyewe, na mtu wa namna hiyo ukimpa wiki 10 hatazitumia kusubiri kuambiwa.

Data hiyo ya mazoezi iko wazi kwa mtu yeyote. Programu ya kompyuta ya kuichambua inaitwa CASA, haina malipo, inaendeshwa kwa Python, na inataka kompyuta yenye Linux au ya Mac. Somo linalotumiwa na wanaoanza huhusu 3C391, ambayo ni mabaki ya nyota iliyolipuka. Faili ni la gigabaiti kadhaa, kwa hiyo lipakue usiku.

Sasa nikujibu swali lako la tatu, kwa sababu ndilo watu huliogopa na ndilo lisiloelezwa. VLA ina antena 27, kila moja ya upana wa mita 25, na zikitawanywa kabisa umbali kati ya zilizo mbali zaidi hufika kilomita 36. Darubini hii haipigi picha kama kamera. Kila antena hulinganishwa na kila nyingine, na antena 27 hukupa jozi 351, kila jozi ikipima sehemu ndogo ya sura ya anga. Kabla ya kupata picha, lazima uhakikishe kwamba jozi zote zinasema lugha moja. Unachukua kitu cha angani ambacho ukali wa mawimbi yake unajulikana, 3C286 kwa mfano, unakiangalia kwa antena zako zote, na unauliza kila antena: wewe unazidisha kiasi gani, unapunguza kiasi gani, na wimbi lako linachelewa kiasi gani? Ukichora grafu ya kuchelewa huko dhidi ya saa, antena njema hutoa mstari unaopanda au kushuka polepole, na ile yenye tatizo hutawanya nukta juu na chini kama punje zilizomwagika sakafuni. Hapo ndipo mwanafunzi hukaa. Wiki ya kwanza anajifunza kuzisoma grafu hizo, wiki ya pili anaondoa vipande vilivyochafuliwa na mawimbi ya satelaiti na simu, na wiki ya tatu anapata picha yake ya kwanza, ambayo kwa kawaida ni mbaya kuliko ile iliyochapishwa miaka 20 iliyopita. Nyingine saba ni za kuelewa kwa nini.

Kwa hiyo hutabeba nyaya, isipokuwa ukiomba kikundi cha vifaa, ambako kubeba nyaya ni heshima. Tatizo linalozidi uwezo wako pia si rahisi ulipate, maana msimamizi mwenye busara hukukabidhi kipande ambacho yeye mwenyewe angekimaliza kwa majuma mawili kama angekuwa nayo.

Kuhusu barua za mapendekezo, nitasema kwa kifupi. Mhadhiri aliyekuona maabara ukihangaika na osiloskopu hadi ikatii ataandika barua yenye uzito kuliko mkuu wa kitivo anayekujua kwa alama zako tu. Mpe wiki tatu au nne, na umpe maelezo ya programu unayoiomba.

Sentimita21 anajibu:

Asanteni sana. Nimesoma majibu yenu mara mbili, na lile la kuuliza msimamizi atakuwepo lini nisingelifikiria kamwe.

Naomba niulize kitu kimoja zaidi. Msomaji_wa_maombi, umesema wiki saba ni za kuelewa kwa nini picha ni mbaya. Je, kuna mwanafunzi ambaye kazi ya namna hiyo ilimfikisha kwenye jambo jipya, au niende nikijua kwamba ni mafunzo tu?

Fundi_antena anajibu:

Hilo niachieni mimi, kisha nitapingana kidogo na wenzangu.

Mwaka 1967 Jocelyn Bell alikuwa mwanafunzi wa uzamivu Cambridge, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kupitia takriban mita 30 za karatasi iliyochorwa kwa kalamu na kifaa cha kurekodi. Aliona alama ndogo ya fujo ambayo haikufanana na kelele za vifaa vya binadamu, na akaona kwamba inarudi ikifuata mwendo wa nyota. Hapa ndipo penye siri ambayo kila mwanafunzi anapaswa kuijua kabla ya kujua chochote kingine: kitu cha angani hurudi mahali pake kila baada ya saa 23 na dakika 56, kwa hiyo kwa saa ya ukutani huwahi dakika 4 kila siku, wakati friji, gari na transfoma hufuata ratiba ya wenye nyumba. Alama ile ilikuwa ya palsa ya kwanza kugunduliwa, yaani mabaki ya nyota yanayozunguka kwa kasi na kutoa mapigo ya redio, inayopiga kila baada ya sekunde 1.337. Zawadi ya Nobel ya 1974 ilipotolewa kwa sehemu kutokana na ugunduzi huo, yeye hakuwemo, na mjadala wake haujaisha hadi leo.

Tukija karibu zaidi na hali yako, David Narkevic alikuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha West Virginia, chini ya Duncan Lorimer, na alipewa kazi ya kupitia data ya darubini ya Parkes ya Australia iliyokusanywa 2001 na kukaa bila mtu kuona kilichomo. Ndani yake kulikuwa na mlipuko mmoja wa mawimbi ya redio uliodumu milisekunde chache, ukiwa umecheleweshwa katika masafa ya chini kiasi ambacho chanzo chake kilipaswa kuwa mbali sana nje ya galaksi yetu. Ulichapishwa 2007, na tawi zima la utafiti wa milipuko ya redio ya kasi likaota hapo.

Nisije nikakudanganya kwa mifano ya utukufu tu, kuna wa tatu ninaoupenda zaidi. Pale pale Parkes palikuwa na mawimbi ya ajabu yaliyofanana na milipuko hiyo, na watu waliyaandikia makala. Mwaka 2015 Emily Petroff, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa uzamivu, na wenzake walionyesha kwamba yalitoka kwenye oveni ya maikrowevu ya kituoni, pale mtu asiye na subira alipoufungua mlango kabla haijajizima. Kwangu mimi huo nao ni ugunduzi kamili.

Sasa upinzani wangu. Wenzangu wanakuelekeza kwenye data ya watu wengine, nami nasema jenga antena yako kwanza. Haidrojeni ya galaksi yetu hutoa mawimbi katika masafa ya megahezi 1420.4, ambayo urefu wa wimbi lake ni zile sentimita 21 ulizojipa kuwa jina. Ewen na Purcell waliyanasa kwa mara ya kwanza 1951 kwa antena yenye umbo la tarumbeta iliyotokeza dirishani. Leo tarumbeta hiyo hutengenezwa kwa kadibodi na karatasi ya alumini, ikafuatiwa na amplifaya ya masafa hayo na kipokezi kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta. Kipokezi cha aina hiyo husoma upana wa takriban megahezi 2.4 kwa mara moja, na kwa kuwa kila kilohezi 100 za kuhama kwa masafa ni sawa na mwendo wa kilomita 21 kwa sekunde, unaona mikono ya galaksi ikikukaribia na kukukimbia bila hata kusogeza kitu.

Usiku wangu wa kwanza nilidhani nimeshinda. Kwenye grafu palisimama mchongoma mwembamba karibu kabisa na mahali panapotakiwa, mrefu, unaometa, nami nikamwamsha niliyekuwa nikiishi naye chumba kimoja aje kushuhudia galaksi. Alitazama, akauliza kwa nini unacheza kila ninapogusa skrini. Nilizima skrini, mchongoma ukatoweka. Haidrojeni ya kweli niliipata siku ya nne, nayo haikuwa mchongoma hata kidogo: ilikuwa kilima kifupi, kipana, cha mamia ya kilohezi, ambacho ungekipuuza kama hukujua unachokitafuta, na jioni iliyofuata kilifika dakika 4 mapema.

Mwanafunzi aliyepitia hayo akija kwenye kituo chochote, halazimiki kuambiwa kelele ni nini.

Msomaji_wa_maombi anajibu:

Fundi, sikupingi kuhusu tarumbeta, na maombi yanayoitaja huyaweka juu ya rundo. Napinga neno "kwanza". Vifaa vinaweza kukawia, amplifaya inaweza kuungua, na tarehe ya mwisho ya maombi haimngoji mtu, wakati data ya mazoezi inapatikana usiku huu huu. Kama muda wake ni mfupi aanze na CASA, na kama ana miezi sita mbele yake afanye yote mawili.

Na kwa kuwa Fundi ametaja oveni, Sentimita21, chukua hili pamoja nawe: daftari. Andika kila antena uliyoiondoa na kwa nini. Wiki ya tisa utaulizwa, na "niliona haifai" si jibu.

Dwingeloo_zamani anajibu:

Nami nina nyongeza moja ya tahadhari. Programu hizi nilizozitaja humlipa mwanafunzi posho, na nyingi huchangia nauli au malazi. Ukikutana na "nafasi ya utafiti" inayokutaka ulipe ada ili jina lako lifikiriwe, ifunge.

Sentimita21 anajibu:

Nimeshaanza. Nilipakua data ya mazoezi jana usiku, asubuhi nikaichora kama somo linavyoelekeza, na tayari nimekwama. Antena moja kati ya zote haina mstari wowote wa kueleweka: nukta zake zimetawanyika juu hadi chini kwa muda wote wa uangalizi, hata inapotazama kile kitu cha angani kinachojulikana ukali wake. Nimesoma upya mafungu mawili ya somo nikidhani nimeharibu amri fulani. Je, nimekosea mimi, au ndiyo zile punje zilizomwagika sakafuni?

Msomaji_wa_maombi anajibu:

Ndizo. Ila kabla ya kuiondoa, tafuta kumbukumbu za waendeshaji wa darubini za siku hiyo. Kila uangalizi wa VLA unazo, na huenda wameandika kwamba antena hiyo haikuwa na kipokezi au ilikuwa matengenezoni. Ukikuta wameiandika, iondoe na unakili sentensi yao daftarini. Usipoikuta, rudi hapa na grafu.